Neno "Tena"

Ilikuwa wiki ya tisa tangu Aaron aache kumsemesha mkewe, na katika nyumba ile ya ghorofa ya tatu, pale Schaerbeek, Brussels, maneno yote sasa yalipita kwa mtoto.

"Jémima, uliza maman yako chumvi iko wapi."

Mujinga alikuwa amekaa mbele yake hapohapo, magoti yao karibu yagusane chini ya meza. Kichupa cha chumvi kilikuwa kando ya sahani yake. Angeweza kukisukuma tu kwa kidole. Lakini Jémima, mwenye miaka minne na nusu, alikuwa ameshateremka kwenye kiti na kuizunguka meza yote kwa adabu, kama mtu wa posta, akasimama mbele ya mama yake.

"Maman, papa anasema chumvi."

"Muambie ni hii. Na umuambie pole na kazi."

Mtoto akazunguka tena, kichupa mikononi. Njiani akachanganya mizigo yake. "Papa, maman anasema hii ni pole."

Zamani Aaron angecheka mpaka kikohozi kimshike. Sasa alipokea ile pole, akainyunyizia juu ya wali, akala, macho yakiwa dirishani ambako tramu ya 92 ilikuwa inapanda na kutikisa vioo vya kabati.

Mujinga hakuwa anatafuta mambo makubwa. Kusamehewa alikuwa ameshakuweka mbali, kama nguo ambayo mtu anajua haitamwenea mwaka huu. Alichotaka ni neno moja, litoke kinywani mwa Aaron na liingie sikioni mwake, bila mtoto katikati. Hata likiwa la ukali. Na hakuwa na siku nyingi za kulingoja. Alhamisi, akifagia chini ya kitanda, ufagio uligonga begi. Ndani kulikuwa na mashati manne, suruali ya kazi, na picha ya mama yake Aaron, Maman Pétronille, iliyokuwa inasimama juu ya televisheni. Jioni ile mtoto akaleta maelezo: "Papa anasema dimanche atakwenda kulala kwa tonton Jean-Baptiste." Jean-Baptiste alikuwa mwenzake wa kazini, na alikuwa na chumba kitupu huko Auderghem. Atalala siku ngapi kuanzia hiyo Jumapili, mtoto hakutumwa kusema.

Aaron alikuwa anatunza wazee katika nyumba moja ya kupumzikia huko. Mwezi wa pili Mujinga alimpelekea miwani aliyoisahau nyumbani. Alipofika mlango wa chumba alisikia sauti ya mumewe, imechangamka, inamsimulia bibi mmoja Mbelgiji habari za mbuzi wa baba yake waliokula karatasi za kura. "Fungua kinywa, bon-maman, bado kijiko kimoja, halafu nakuambia mbuzi wa tatu alifanya nini." Yule bibi hakuwa anasikia vizuri, na Aaron alirudia kila sentensi mara mbili, kwa upole, bila kuchoka. Mujinga aliweka ile miwani kwenye kiti cha ukumbini akaondoka. Alilia ndani ya tramu, na mama mmoja wa Kituruki akampa karatasi ya kujifuta, bila kusema kitu, naye hakusema kitu, na walielewana.

*

Lazima tuanze na jina lenyewe.

Kwa watu wa kwao mama yake, Mujinga ni jina la mtoto aliyezaliwa kamba ya kitovu imemzunguka shingoni. Ni jina la kushukuru, kwa sababu mtoto huyo alikaribia kutofika na akafika. Lubumbashi alikokulia, shule nzima ilikuwa na akina Mujinga na hakuna aliyegeuka. Lakini Aaron alikuwa mtu wa Bukavu. Walikutana kwenye mazoezi ya kwaya huko Berchem-Sainte-Agathe, mwaka 1990, wakiwa bado wanafunzi, na alipomuuliza jina, na yeye akajibu, kijana alishtuka.

"Aa, usijitukane vile, dada. Nakuuliza jina."

"Njo jina. Ni jina langu."

"Wazazi yako walikukasirikia wakati gani sasa? Siku ya kwanza?"

Kwaya nzima iliacha kuimba ikacheka. Baadaye, walipozoeana, Aaron alitengeneza namna yake ya kuliita. Mtu anayetukana huligonga neno mwanzoni, likamrukia mwenzake usoni. Yeye alilianza taratibu, akalilaza mwishoni, kama mtu anayeweka yai juu ya meza. Kwa hiyo Mujinga alijua siku zote kwamba ni jina, si tusi. Hata wakigombana, hata Aaron akiwa bafuni na sabuni machoni akiomba taulo, yai lilikuwa linatua salama.

Maman Pétronille, mama mkwe, alikataa kabisa. "Mimi nimuite mutoto wa batu mujinga? Alinikosea nini?" Alimuita mukamwana wangu. Kila dimanche saa kumi alikuwa anakwenda kwa jirani yake Fatuma, mwenye duka na simu, anakaa juu ya gunia la maharage anangoja Brussels ipige. Aaron alikuwa anauliza habari za afya na mvua, dakika mbili, halafu anamkabidhi Mujinga. Na wale wawili, ambao hawajawahi kuonana uso kwa uso, walikuwa wanaongea mpaka Aaron aonyeshe saa ya mkononi. Jémima alipozaliwa, ni mama huyu aliyemfundisha kwa simu jinsi ya kumbeba mgongoni: "Inama. Umeinama? Sasa weka kitambaa. Usiogope, niko nakuona."

Oktoba 1996 vita ikaingia Bukavu, na simu ya Fatuma ikawa inalia kama kitu kilichotupwa kisimani.

*

Novemba ile Mujinga alikuwa ameanza kozi ya jioni, mardi na jeudi, yaani Jumanne na Alhamisi, ya kujifunza kazi ya kusaidia familia majumbani. Somo la kwanza lilihusu mawasiliano kati ya mtu na mtu. Madame Vercruysse, mwalimu, mwanamke mwembamba mwenye chaki mpaka kwenye nyusi, alichora ubaoni vichwa viwili na mshale katikati. Huyu anatuma. Yule anapokea. Ule mshale ni ujumbe. Halafu akachora mistari ya zigizaga juu ya mshale, akaandika: kelele.

"Madame," akasema Hassan, Mmorocco aliyekuwa anakaa nyuma kabisa, "kwetu mke wangu anatuma, mimi napokea, na kelele ni mama yangu."

Darasa lilikufa kwa kicheko. Madame naye alicheka, kisha akachora mshale wa pili, unaorudi. Huu, alisema, ndio watu wanausahau. Ukiambiwa jambo, lirudishe kwa aliyelisema, kwa maneno yako mwenyewe: kama nimesikia vizuri, unataka kusema hivi na hivi. Usikisie. Uliza. Mujinga aliandika hayo kwa wino mwekundu akapiga mistari miwili chini yake. Katika tramu ya kurudi alijisikia tajiri.

Hiyo ilikuwa mardi. Kesho yake, mercredi, saa nane mchana, simu ililia.

Simu yao ilikuwa inakaa sakafuni ukumbini, kwa sababu waya wake ulikuwa mfupi. Jémima alikuwa na kifaduro, yuko juu ya mkeka anakohoa kikohozi kile kirefu kisichompa mtu nafasi. Mujinga alipiga magoti.

"Allô? Maman Jémima? Ni Fatuma, jirani ya Maman Pétronille. Nilivuka mpaka. Sina wakati, hii simu ni ya batu, si yangu."

"Maman Fatuma, Mungu wangu. Maman? Maman iko?"

"Maman haiko."

Kitu kikavuma kwenye waya kama upepo ndani ya chupa. Mtoto alikuwa anakohoa.

"Haiko... haiko kabisa?"

"Haiko kabisa. Nilienda mimi mwenyewe kule kwake, nyumba iko bule, tupu. Batu bote ba..." Sauti ikazama, ikarudi kutoka mbali. "...donc pole sana, maman. Umuambie Aaron..."

Na simu ikakatika.

Kwetu mtu akiwa ametoka kwenda sokoni, utaambiwa haiko. Mtu akiwa ametoka duniani, utaambiwa haiko. Neno ni lilelile; tofauti unaisoma kwenye uso wa anayekuambia, kwenye mikono yake, kama amekuvutia kiti au hapana. Simu haina uso. Mujinga angeweza kuuliza: alikufa? Ni neno fupi, na laini ilikuwa bado wazi kwa pumzi tatu au nne. Lakini mke hatamki neno hilo juu ya mama wa mumewe, ni kama kumsukuma kaburini kwa mkono. Heshima ilimziba mdomo. Alichagua neno la upole, "kabisa", akidhani anauliza juu ya kifo, na Fatuma akalipokea akidhani anaulizwa juu ya nyumba. Mshale wa kurudi ulikwenda na ulirudi, na bado ulipotea.

Aaron aliingia saa kumi na moja na nusu, koti bado limelowa. Mkewe alikuwa amevuta kiti.

"Aaron. Kaa. Fatuma alipiga simu." Akamshika mkono. "Maman haiko tena."

Tena. Ni yeye aliyeliweka. Fatuma hakulisema. Lilimtoka lenyewe, kwa sababu bila hilo sentensi ilikuwa inaning'inia, na alitaka imalizike, ili maumivu ya mumewe yawe na mahali pa kukaa.

*

Matanga yalikaa siku tatu. Wa Bukavu walikuja, wa Lubumbashi walikuja, viti vikaazimwa parokiani. Picha ya Maman Pétronille iliwekwa juu ya televisheni na mshumaa. Papa Antoine, mkubwa wa kikundi cha maombi, alifika amechelewa kwa saa mbili akajitetea mlangoni: "Mutanisamehe. Hapa Belgique ata machozi lazima ipangiwe saa, ipate rendez-vous." Watu walicheka kidogo, kama watu wanavyocheka kwenye matanga, na Aaron naye alicheka, halafu uso ukamvunjika na wanaume wawili wakamtoa nje kwenye ngazi.

Simu haikutulia. Paris, Liège, Kinshasa, watu aliosoma nao, watu asiowajua. Siku ya pili Aaron aliinama ukumbini akavuta waya kutoka ukutani. "Nimechoka na pole," alisema. Hakuna aliyemlaumu. Viti vikarudishwa, watu wakaenda, mtoto akapona kifaduro. Ule waya ulibaki sakafuni karibu wiki tatu. Mujinga alikuwa anaufagilia kando.

Januari, siku chache baada ya sikukuu, simu ililia na Aaron akaichukua mwenyewe. Mujinga alikuwa jikoni. Alimsikia akisema: "Ndiyo, maman. Ndiyo. Wapi? Lini?" Kisha: "Siku ngapi?" Alipotoka kuangalia, mumewe alikuwa amekaa sakafuni, miguu imenyooka mbele yake kama ya mtoto.

Maman Pétronille alikuwa ametoka Bukavu kwa miguu pamoja na mtaa mzima. Alishuka mpaka Uvira, akavuka, akafika Bujumbura kwa mtoto wa dada yake, kifua kimeharibika. Namba ya Brussels alikuwa nayo kichwani. Siku tano mfululizo alibebwa mpaka kwenye simu. Ililia, haikushikwa. Kila siku alikuwa anawaambia wale wanaombeba: "Watoto beko ku kazi. Tutajaribu kesho." Alifariki tarehe mbili Desemba. Siku hiyo Aaron alikuwa Auderghem, anamlisha bibi mwingine supu.

Aaron aliinua kichwa. "Ile siku Fatuma alikuambia nini? Neno kwa neno."

"Alisema maman haiko."

"Haiko, ao haiko tena?"

Hapo ndipo nyumba ilipoanguka, kwenye swali hilo, na kabla ya hapo ilikuwa bado imesimama. Mujinga alimwona mumewe pale chini, na waya kando yake, na akaogopa, kama mtu anavyoogopa akiwa peke yake na kosa ambalo halina mwingine wa kulibeba.

"Nazani... nazani alisema tena."

Aaron alikuwa ametoka kuongea na Fatuma mwenyewe kwenye ile simu, na alijua neno hilo halikusemwa. Akasimama, akajipangusa suruali, akasema: "Jémima, leta viatu ya papa." Ikawa hivyo tangu siku hiyo.

*

Jeudi ile ya begi, Mujinga alikwenda darasani hata hivyo. Madame Vercruysse aliwapa zoezi: andika jambo gumu unalotaka kumwambia mtu wa karibu, na kila sentensi ianze na "mimi", isianze na "wewe". Wengine waliandika kwa Kifaransa. Yeye aliandika kwa Kiswahili, ukurasa mzima, akaupinda mara nne akauweka kwenye sidiria.

Dimanche, baada ya misa, alimshusha Jémima ghorofa ya chini kwa jirani yao, Maman Mignonne. Mtoto alipinga. "Na papa akitaka kukuambia kitu?"

"Leo utapumzika, chérie."

Saa kumi ilipofika, ile saa ya gunia la maharage, Aaron alikuwa ukumbini amevaa koti, begi mguuni. Mujinga alisimama kwenye mlango wa jikoni.

"Jémima," Aaron aliita.

"Jémima haiko," akasema Mujinga. Akasikia alichokisema, na akaharakisha kukifunika: "Haiko hapa. Iko chini kwa Maman Mignonne. Iko muzima. Anacheza."

Aaron alikuwa ameweka mkono ukutani. Aliuondoa polepole.

Mujinga alitoa ile karatasi akaikunjua. Sentensi ya kwanza ilisema: Mimi nasikia huzuni pale ambapo... Ilikuwa sentensi nzuri darasani. Hapa ukumbini, kati ya makoti na ile simu, ilionekana kama kitu kilichoandikwa na mtoto wa shule kumwandikia mkaguzi. Akaikunja tena.

"Fatuma hakusema tena," alisema. "Alisema maman haiko, basi. Tena niliiweka mimi. Sikukusudia. Na ule mwezi wa kwanza uliponiuliza, nilikudanganya, juu niliogopa. Donc ni mbili. Ile ya kwanza ilikuwa kosa. Ya pili nilijua. Namfikiria maman, anabebwa kila siku kwenye simu. Mimi nilikuwa nafagia, Aaron. Nilikuwa nauona ule waya nausukuma na ufagio. Siombi kitu. Nilitaka tu nikuambie mimi mwenyewe, Jémima asikubebee hii."

Chini, mlango wa nje ulifungwa na mtu. Tramu ilipita. Aaron alikuwa anaangalia begi, na midomo yake ilikuwa inasogea kidogo, kama ya mtu anayejaribu ufunguo ambao hajautumia siku nyingi.

"Mujinga," alisema.

Hakuligonga. Hakulilaza pia. Lilitoka limenyooka, bila mwanzo wala mwisho, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia kwake kwa miaka saba. Alingoja, labda kungefuata neno la pili la kumwonyesha njia. Hakuna lililofuata. Angeweza kukisia. Mwili wake wote ulitaka kukisia, na ulitaka kukisia vizuri.

"Nimesikia Mujinga," alisema, na sauti yake ilikuwa ndogo. "Nakuuliza, juu safari hii sitaki kuweka neno langu. Ni jina, ao ni ile ingine?"

Aaron alimwangalia usoni. Ilikuwa mara ya kwanza tangu Januari, na Mujinga aliona jinsi mumewe alivyozeeka, na akajua kwamba yeye naye anaonekana vilevile.

"Ndiyo," Aaron alisema, bila kuchagua kati ya mawili.

Akachukua begi. Alifungua mlango kwa uangalifu, kama kuna mtu amelala ndani, na akaufunga hivyohivyo. Mujinga alihesabu ngazi zote kwa masikio. Ghorofa ya chini hatua zilisimama. Alimsikia Jémima akiita papa, na sauti nzito ikijibu kitu kifupi, na mlango wa nje.

Mtoto alipanda mbio akaingia anahema. Alisimama mbele ya mama yake, mikono nyuma, tayari.

"Maman, papa amenibusu tu. Hakunituma kitu. Nilimuuliza nikuambie nini, akasema hapana, ameshakuambia mwenyewe." Alikunja uso. Ilikuwa kazi yake na imechukuliwa. "Amekuambia nini?"

"Ameniita."

"Amekuita nani?"

Mujinga alikuwa amepiga magoti kando ya simu. Waya ulikuwa mahali pake ukutani. Ulikuwa hapo tangu Desemba, na tangu Januari alikuwa anaukagua kila asubuhi na kila jioni. Aliusukuma tena kwa kidole gumba, mpaka mwisho, na hakuna kilichosogea.

"Njoo ukae hapa na maman," alisema. "Tutangoja kidogo."